Kwetu, kwa Wenyewe

Mtu anayesafiri kwa starehe ana jambo la kueleza ambalo wasafiri wenzake hawana. Anayekwenda sokoni anajulikana kwa mzigo wake. Anayekwenda kilioni anajulikana kwa uso. Mgonjwa haulizwi. Lakini huyu aliyebeba begi lake ili akaone mahali pengine tu, na ikiwezekana arudi akijifahamu kuliko alivyoondoka, lazima aseme kilichomtoa kwao. Katika miji mikubwa ya dunia swali hilo limefutwa kwa fedha: unalipa chumba, unapewa ufunguo, yameisha. Sura hii inahusu upande ambako swali bado lipo, tena linaulizwa na kila mtu.

Upande huo ni kusini mwa Maniema, mashariki ya Kongo: Kasongo na Kabambare. Mimi nimezaliwa Ujiji, katika watu wanaoitwa Wamanyema. Ukienda Kariakoo ya Dar es Salaam penye msikiti unaobeba jina letu, au Buyenzi mjini Bujumbura, utatukuta. Kila nyumba ina kisa chake cha kuvuka Ziwa Tanganyika, na ndani ya kisa hicho mna mpagazi, au askari wa msafara, au mtoto aliyetekwa, na mara nyingi hakuna anayetaka kusema ni yupi kati ya hao. Wazee wetu walisema "kwetu Kasongo" kwa sauti ile ile waliyoitajia pepo, na kama ilivyo kwa pepo, hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda.

Mnara ufukweni

Kasongo ya kwanza niliyoiona kwa macho ilikuwa Ulaya. Siku za joto Wabelgiji hupanda treni kwenda pwani, na mgeni aliye likizo hufuata wenyeji. Blankenberge ni mji wa mchanga na aiskrimu, wenye gati ndefu iliyoingia baharini, watoto na ndoo zao, na wazee waliokunja suruali wakikanyaga maji baridi kwa uangalifu. Kwenye barabara ya ufukweni umesimama mnara uliojengwa mwaka 1900 kwa ajili ya Luteni Lippens na Sajini De Bruyne. Hao wawili walikaa Kasongo wakiwa wawakilishi wa Dola Huru la Kongo, na huko ndiko walikouawa mwishoni mwa mwaka 1892, vita vilipowaka kati ya dola hilo na mabwana wa Kiarabu na Kiswahili wa Maniema.

Kisa cha De Bruyne kinasimuliwa vizuri. Alipelekwa hadi ukingo wa mto Lomami azungumze na Wazungu wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamwambia ajitupe majini aogelee, wao wangemlinda kwa bunduki. Akakataa, kwa sababu mkubwa wake Lippens alikuwa mgonjwa Kasongo, na akitoroka yeye, mwenzake angechinjwa. Akarudi, wakafa wote wawili. Ni uungwana wa kweli, nami sioni sababu ya kuudharau. Nilichokiona, nikiwa nimesimama pale na jasho la likizo, ni kwamba kifo cha watu wawili wa Kasongo kilikuwa kimepata jiwe, nacho kilikuwa kifo cha wageni.

Baada ya hapo matembezi yangu ya Ubelgiji yalibadilika njia, nikaitafuta Kasongo ya pili katika minara na makumbusho. Brussels, katika bustani ya Cinquantenaire, kuna mnara mwingine wa mwaka 1921 unaousifu ushujaa wa Wabelgiji dhidi ya Mwarabu mwenye kuuza watumwa, na neno lile "Mwarabu" limefutwa na kurudishwa katika ugomvi wa miaka mingi. Katika jumba la makumbusho la Tervuren kuna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kabla ya mwaka 1908. Mchongaji wa Kinshasa, Freddy Tsimba, ameandika kwenye vioo vya madirisha yanayoelekea ukuta huo majina ya Wakongo saba waliofariki huko huko Tervuren mwaka 1897, walipoletwa na wenzao, 267 kwa jumla, kuonyeshwa kwa watazamaji. Jua likitoka, vivuli vya majina yao huangukia majina ya Wabelgiji. Jua lisipotoka, na Ubelgiji halitoki mara nyingi, hakuna kitu.

Ipo Kasongo ya tatu huko Ubelgiji, na hiyo ilinifurahisha. Madaktari wa afya ya jamii waliosomea Antwerp wanaijua Kasongo kama mahali palipojaribiwa, kuanzia miaka ya 1970, mpango wa vituo vya afya na hospitali ya wilaya uliokuja kuwa mfano, na utafiti wake juu ya chanjo ya surua ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Kwa hiyo kuna Kasongo ya vita, Kasongo ya makumbusho na Kasongo ya madaktari. Zote tatu zilinifundisha, na zote tatu zimeandikwa na waliokwenda na kurudi.

Huo ndio mpaka wa kujitafuta ugenini. Katika zile wiki hakuna mtu aliyeniuliza mimi ni nani, na uhuru ule niliupenda. Ukiwa hujulikani unapata nafasi ya kusoma mawe pole pole, bila aibu, bila jamaa wa kukuharakisha. Ila jiwe haliulizi swali la pili.

"Ulikuja na ONG gani?"

Niliingia Maniema kwa ndege hadi Kindu, mji mkuu wa jimbo, nikavuka mto Lualaba hadi Alunguli, nikapakiwa nyuma ya pikipiki kuelekea kusini. Barabara ile ndiyo soko, ndiyo bohari, ndiyo chuo. Vijana wanasukuma kinga, yaani baiskeli, zilizobeba madumu ya mawese na magunia ya mchele mpaka baiskeli yenyewe haionekani, kijiti kimefungwa kwenye usukani ili mtu aweze kuielekeza akiwa pembeni. Wanakwenda hivyo mamia ya kilomita. Mbele ya watu wanaotembea kwa ajili hiyo, kusema "nimekuja kustarehe" kunahitaji moyo.

Dereva wangu, motari kama wanavyoitwa huko, aliuliza mapema: "Ulikuja na ONG gani?" Nikamwambia sina shirika. Basi uko wa dhahabu? Sina dhahabu. Uko wa kanisa, ao wa msikiti? Nikasema nimekuja kutembea, kuwaona watu, kuona mji ambao wazee wangu waliutaja. Akanyamaza kilomita kadhaa, kisha akatoa hukumu: "Basi uko mutoto wa hapa." Kwa hesabu yake, mtu asiye na kazi wala mzigo hawezi kuja Kasongo isipokuwa awe anarudi.

Mjini hukumu hiyo ilikatiwa rufaa. Nilipelekwa barazani kwa wazee, nikakaribishwa, nikapewa wali, sombe na samaki wa Lualaba, na baada ya kunawa nikaulizwa mimi ni mtoto wa nani. Nikajibu kama tunavyojibu Ujiji: mimi Mmanyema. Wakacheka kwa upole. Maniema ni jimbo, wote pale ni watu wa Maniema. Mukusu? Muzimba? Muzula? Mubangubangu wa Kabambare? Mugenia wa mtoni? Kila mmoja alinitazama kwa zamu, paji la uso, masikio, urefu wa vidole, wakabishana wao kwa wao kana kwamba mimi sipo. Umanyema wetu wa Ujiji na Dar es Salaam ni kabila lililozaliwa njiani. Ng'ambo ya ziwa, watu waliokuwa mbalimbali waliitwa kwa jina la nchi waliyotokea, wakaoana, wakajenga misikiti, wakawa wamoja. Waliobaki nyumbani hawakuhitaji jina hilo.

Wakaniuliza jina la mzazi wa bibi yangu aliyevuka ziwa. Nikawatajia. Mzee mmoja akatikisa kichwa, kwa kuwa lile lilikuwa jina la kupewa, mojawapo ya majina waliyopewa watu walipofika mikononi mwa wengine, na halina njia ya kurudi. Kisha akasema maneno niliyoyaandika usiku ule nisiyasahau: "Wenye kuenda walikuwa wengi, mutoto yangu. Tukikupa nyumba moja tuseme ni kwenu, tutakudanganya. Kaa na sisi tu."

Ninawajua watu waliosafiri mbali, wakatoa fedha nyingi, ili waambiwe kinyume cha hayo. Kuna biashara nzima siku hizi ya kumrudisha mtu kwa mababu: unapimwa mate, unapewa jina, unavishwa kitambaa. Wazee wa Kasongo wangeweza kunifanyia hivyo kwa jioni moja na ningelia machozi. Walinipa heshima kubwa zaidi, wakakataa kunitungia ukoo.

Mjukuu wa uongo

Pengine kukataa kwao kuna kumbukumbu ndani yake. Maniema imewahi kumpokea mjukuu wa uongo.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, anakisimulia kisa hicho yeye mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa kwanza na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na ambacho ni kati ya tawasifu za mwanzo kabisa katika Kiswahili. Akiwa njiani kuelekea Utetela, magharibi ya Lualaba, alisikia kwamba chifu mzee wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa na ndugu wa kike waliotekwa zamani wasirudi. Akayashika maelezo yote. Alipofika, akatangaza kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee akaamini, akafurahi, akamwachia utawala pamoja na pembe za ndovu. Tippu Tip anayaeleza hayo bila kificho, kama mfanyabiashara anayeeleza bei nzuri aliyopata. Kutoka huko ndipo alipokuja kuweka makao katika mji wa Kasongo, katikati ya miaka ya 1870, naye akaufanya kuwa kitovu cha himaya yake mpaka aliporudi Zanzibar, alikofariki mwaka 1905.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Historia ya Maniema inaupindua msemo huo. Mtumwa hakuiacha asili yake, alivuliwa, na jina jipya likafunga mlango nyuma yake. Na yule aliyejishonea asili isiyo yake akawa sultani. Ndiyo maana mtu anayeingia Kasongo akisema "mimi ni wa hapa" anapaswa kukumbuka ni nani aliyeanza kusema hivyo, na alichokuwa anakitaka.

Mji wa Tippu Tip haupo tena ulipokuwa. Wenyeji wanapaita Tongoni, mahali pa mahame, na unafika kwa pikipiki kutoka mji wa sasa. Nyasi, miembe, vipande vya vyungu. Majeshi ya Dola Huru la Kongo chini ya Dhanis yaliuteka tarehe 22 Aprili 1893, na daktari wa Kiingereza aliyekuwa nao, Sidney Hinde, aliandika kwa mshangao juu ya maghala yaliyojaa mchele, mahindi na kahawa, na bustani za michungwa, mipera, mikomamanga na mananasi. Miaka ya karibuni Noémie Arazi na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kongo, wamechimba hapo huku wakikusanya masimulizi ya wazee, na ripoti yao ilitoka katika jarida la Antiquity mwaka 2020. Kijana aliyenipeleka hakujali sana vyungu. Alinionyesha mashamba ya mpunga tuliyoyapita, akasema mchele ndio uliobaki. Mpunga uliletwa na misafara, ukalimwa kwa mikono ya waliotekwa, baadaye serikali ya Wabelgiji ikaulazimisha pamoja na pamba, na leo ni chakula cha sherehe na cha kila siku. Nilikuwa nimeula kila jioni bila kujua kwamba ninakula historia ya mji.

Msafiri aliyekalishwa

Kabambare iko mashariki ya Kasongo, katika nchi ya Wabangubangu, upande wa mto Luama. Zamani ilikuwa kituo cha misafara kati ya ziwa na Nyangwe, penye soko kando ya Lualaba. Kwa anayesoma habari za safari, mahali hapa ni pa kumkumbuka David Livingstone, ambaye aliandika jina lake Bambarre na kufika kwa mara ya kwanza Septemba 1869.

Livingstone alitaka kwenda, Kabambare ikamkalisha. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimfungia kibandani siku 80, na mwenyewe akazihesabu. Chakula na ulinzi wake vilitoka kwa wafanyabiashara wale wale ambao kazi yao aliichukia. Wakati wake wa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya gazeti kuukuu la London kwa wino wa majimaji ya mmea, akivuka mistari iliyochapishwa. Kisha akaenda Nyangwe, na huko, tarehe 15 Julai 1871, akaona watu wa wafanyabiashara wakifyatua risasi sokoni kwenye umati uliojaa wanawake. Mamia walikufa, wengi wao wakizama Lualaba. Akageuka, akarudi Ujiji. Mto alioudhani wa Nile ulikuwa mto Kongo.

Maandishi yale yalififia hata yasisomeke, mpaka wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, wakayatoa hadharani mwaka 2011. Ilionekana kwamba alichoandika pale pale na alichonakili baadaye kwenye daftari lake safi havilingani kila mahali, hasa penye habari za watu aliofuatana nao. Msafiri alikuwa amejihariri.

Nalitaja hili kwa sababu kila anayesafiri ili ajijue hurudi na madaftari mawili. Moja ni la njiani, lenye jasho na hofu na maneno uliyomwambia motari. La pili ni lile utakalowasomea wenzako. Ukijitafuta katika daftari la pili, utamkuta mtu mzuri sana. Ukitaka kujijua, kaa na la kwanza, tena mbele ya mtu aliyekuwepo. Livingstone alikuwa na watu waliokuwepo, waliomlisha na kumbeba, lakini hakuna aliyewapa kalamu. Sisi wa leo hatuna udhuru huo. Kabambare nilimsomea mwenyeji wangu nilichoandika juu ya mji wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimeandika sana juu ya barabara mbaya na kidogo juu ya watoto wanaoipita kwenda shule. Nikaandika upya.

Barabara isiyo ya matembezi

Nilitamani kurudi nyumbani kwa miguu ya wazee: kutoka Kabambare kuelekea mashariki, mpaka ziwani, nivuke hadi Kigoma. Mwenyeji wangu alikataa, na hakuliacha neno lake lijadiliwe. Njia hiyo imo katika wilaya moja na Salamabila, penye mgodi wa dhahabu wa Namoya, nchi ambayo kwa miaka mingi imeonja bunduki za wapiganaji wa Mai-Mai Malaika na za wanaowapiga. Kila wiki watu wa huko hupita njia hizo kwa sababu hawana budi. Kupita kwa kujifurahisha, alisema, ni kuwafanyia mzaha, na jambo likitokea ni wao watakaoacha mashamba kunitafuta.

Hapo ndipo nilipoelewa starehe ni kitu gani. Starehe ya msafiri ni uwezo wa kuacha. Mzazi wa bibi yangu aliipita njia ile bila uwezo huo. Mfanyabiashara mwenye kinga anaipita leo bila uwezo huo. Mimi niliambiwa nisipite, nikatii, nikarudi Kindu kupanda ndege, na kutii kwenyewe kulikuwa anasa. Vivyo hivyo Blankenberge: mnara wa watu waliofia Kasongo uko wazi kwa yeyote, lakini kijana wa Kasongo anayetaka kuusoma atahitaji pasipoti, visa, barua ya benki na sababu. Ukienda kwao unaweza kusema umekuja kutembea na ukaeleweka. Yeye akisema hivyo kwenye dirisha la ubalozi, ombi lake limekwisha.

Kwa hiyo simshauri mjukuu yeyote wa Maniema asiende. Aende, Kasongo ni njema, jioni zake zina mazungumzo ambayo hoteli haiuzi. Asiende na jina la ukoo mkononi akitafuta wa kulitia muhuri. Aende na muda wa kutosha kuulizwa, na ajibu anachokijua, na penye pengo aliache pengo. Mimi sijapata nyumba ya kwetu Kasongo. Nimepata watu ambao nikifika tena watajua mimi ni nani, kwa kuwa nimekwisha kufika, na huo ni ujamaa ambao haukumnyang'anya mtu kitu.

Una gharama yake. Siku ya kuagana, motari yule wa kwanza aliuliza nauli ya boti kutoka Kalemie hadi Kigoma, na kama ni kweli kwamba Ujiji watu wanasema Kiswahili cha redioni. Mwenyeji wangu wa Kabambare naye ana binti anayetaka kuliona ziwa. Hawaombi msaada, wanataka kutembea. Ziara hulipwa kwa ziara. Basi kabla hujakata tiketi ya kwenda kutafuta kwenu, hakikisha nyumbani kwako pana mahali pa kulala mgeni, maana wataanza kuuliza kabla hujapanda pikipiki ya kurudi.